Mkono Nilioukataza Kuandika

Kadutu, Bukavu
Jumapili alasiri, Septemba 1958

Nsimire, mwanangu,

Barua zetu huanza kwa kusema sisi sote wazima, hofu ni kwenu mlio mbali. Hii sitaianza hivyo, na kabla hujaimaliza utajua kwa nini. Wewe mwenyewe hata hujawa mbali. Umepanda Kabare na mama yako kumuaga koko, mama yake, na mimi nimebaki nyumbani kwa kusema goti linaniuma. Goti haliniumi hata kidogo. Nilitaka nyumba iwe tupu ili niandike.

Kesho asubuhi gari la masista litakupitia, mteremke Luvungi mpaka Usumbura, na huko utapanda ndege kwenda Ubelgiji kujifunza ukunga miaka mitatu. Habari za soksi, za kusali, za kutokaa benchi moja na mvulana usiyemjua, mama yako amekwisha kukuambia, na atakuambia tena mpaka dereva apige honi. Hayo namwachia yeye. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni kwamba naogopa hutaniandikia.

Sisemi hivyo kwa sababu wewe ni mvivu. Nakumbuka vizuri kwamba mimi mwenyewe nilikukataza kuandika, ukiwa na miaka kumi na miwili, mbele ya watu, na nakumbuka ulivyosema "Ndiyo, papa" bila kuinua macho. Tangu siku ile umetii. Miaka minne umelala bwenini kwa masista, wenzako wakiwaandikia wazazi wao, na sisi hatukupata hata karatasi moja. Mama yako alikuwa akiwaambia majirani, "Iko na masomo mingi." Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilijua.

Lakini acha nianze na Ulaya, maana ndiko unakokwenda, na mimi ndiye niliyekujaza kichwa. Ile Ulaya niliyoisimulia hapa uani, watu wakija na viti vyao wenyewe, tafadhali sahau nusu yake. Waliponiita Mzee Bulaya nilijifanya nachukia, kumbe roho yangu ilikuwa inacheka. Nilitia chumvi kila jioni, mimi mpishi ambaye ningepaswa kujua kipimo cha chumvi.

Nilisema nilikula meza moja na Bwana na Madame. Sikukaa kwenye meza yao hata siku moja. Bwana alikuwa injinia wa barabara, wakikaa Nguba, mtaa wa wazungu, na likizo yake ya miezi sita ilipofika Madame alisema hawezi kukaa bila mpishi wake, basi wakanichukua. Ndani ya ndege nilimpakata mtoto wao wa kike, miaka mitatu, sawasawa na mdogo wako Nabintu. Kule nilipika, nikapakua, nikala jikoni nimesimama, vilevile kama Nguba. Tofauti ni kwamba Nguba nikimaliza kazi nilipanda Kadutu kwenu, na kule nilipanda ngazi mpaka chumba kidogo chini ya paa, nikakaa kitandani nimevaa koti.

Tulifika mwezi wa kumi na moja. Miti yote njiani ilikuwa haina hata jani moja. Nilimuuliza Bwana ni ugonjwa gani umeua miti ya nchi yao. Alicheka mpaka akafuta macho, na jioni akawasimulia wageni wake, mimi nikiwa nimesimama pale na bakuli la supu. Tangu hapo sikuuliza kitu tena. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na lilinigharimu sana. Wewe wakikucheka, cheka nao, halafu uliza swali la pili. Mimi nilifunga mdomo kwa hasira, nikakaa hivyo wiki nyingi, nikiona mambo mia moja bila kuelewa hata moja.

Asubuhi moja mzungu alileta makaa ya mawe. Alibeba gunia begani, mgongo umepinda, uso wake mweusi kuliko wangu. Miaka tisa niliyofanya kazi Nguba sikuwa nimeona mzungu amebeba hata kikapu cha mayai. Nilibaki nimekodoa macho mlangoni. Akaniambia, "Bonjour, monsieur." Nikageuka nyuma kutazama anamsalimu nani. Hapakuwa na mtu. Nilipomgeukia tena alikuwa amekwisha kushuka chini kumwaga gunia lake, na mimi sikuwa nimemjibu. Maisha yangu yote wazungu walikuwa wananiita kwa jina la ubatizo au kwa kupiga kengele, na siku mzungu mmoja aliponiita bwana nilimwacha apite. Wewe wakikuita mademoiselle, Nsimire, itika palepale. Ni wewe.

Upweke wa kule sijui nikuelezeje. Hapa Kadutu mtu hawezi kuwa peke yake hata akitaka, ukikohoa ukuta wa pili wanakuuliza umekula nini. Kule saa kumi na moja jioni giza limekwisha kuingia, watu wanafunga madirisha, na unasikia viatu vyako peke yake barabarani. Hakuna anayekuchukia, ila hakuna anayekuona. Kulikuwa na farasi mmoja wa kuvuta gari la maziwa, kila asubuhi alisimama mbele ya nyumba yetu. Nilikuwa ninamsalimu kwa Mashi, kwa sauti ya chini, nikimuuliza ng'ombe zake wanaendeleaje na kama wake zake ni wazima, nisikie tu maneno yetu yakitoka. Usicheke. Basi, cheka kidogo.

Na ule upweke, sehemu kubwa niliujenga mwenyewe. Jirani yetu alikuwa mama mzee, mjane, anaishi na paka. Siku moja aliniona nimesimama kwenye baridi nikingoja Madame arudi na ufunguo, akanifungulia mlango wake, akaniketisha jikoni kwenye kiti, akanimiminia kahawa na kujimiminia yake. Sasa wewe unajua sisi. Mtu akikupa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, anaonja yeye kwanza, uone hakuna kitu ndani, ndipo anakupa. Sikumshuku yule mama, Mungu anajua, nilikuwa tu nimekaa kama nilivyolelewa, nikingoja aonje. Kumbe kwao mwenye nyumba anamngoja mgeni aanze. Mpishi mzima, miaka tisa nasimama nyuma ya viti vya wazungu, lakini sikuwa nimewahi kuketishwa kwa heshima ile, nikawa sikumbuki hata nilichokuwa ninakiona kila siku mezani. Tukatazamana. Kahawa ikapoa. Akanisogezea sukari, nikasema merci, nikangoja. Mwisho akachukua vikombe vyote viwili, akavimwaga polepole, na uso wake ukabadilika. Alidhani namwona mchafu. Nilijua anavyodhani, na Kifaransa cha kumwambia nilikuwa nacho, maneno manne tu yangetosha. Kiburi kikanishika ulimi. Hakunifungulia tena mlango, na mimi nilipita mbele ya dirisha lake miezi mitano nikitazama chini.

Usiku ule, au labda kesho yake, niliwaandikia barua. Unaikumbuka, maana wewe ndiye uliyewasomea, mama yako hajui kusoma. Niliandika kwamba nina marafiki wengi hata majirani wananialika kahawa. Niliandika kwamba nakula vizuri, kwamba theluji ni nzuri sana, kwamba Bwana ananipenda kama ndugu. Nilikuwa nalia huku naandika, mwanangu. Sikutaka baba mukubwa wako, kaka yangu, aseme nilikwenda Ulaya kuteseka. Kila barua niliyotuma kutoka kule ilikuwa ya namna hiyo. Nataka ulijue hilo kabla hujasoma yanayofuata.

Mwezi wa pili nilipata yenu. Mwandiko wako, mzuri, umesimama, kila herufi na nafasi yake. "Sisi wote wazima. Mvua ni nyingi. Nabintu anakusalimu sana, anauliza utamletea nini." Niliisoma mara nyingi mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Nilinunua gauni la sufu jekundu, na vifungo vyeupe mgongoni, nikampimia mtoto wa Madame ili nijue kama litamtosha Nabintu.

Hayo ya kurudi kwangu unayajua, lakini acha niyaandike, yasiwe tena kitu ambacho kila mtu anakizunguka ndani ya nyumba hii. Nilifika watu wamejaa uani. Hata sanduku sikulifungua vizuri, nilivuta gauni kwanza.

"Nabintu iko wapi? Mumuite, aone kile nilimuletea."

Baba mukubwa alitazama kofia yake. Mama yako akanishika mkono, akasema, "Papa Nsimire, kuya kwanza mu nyumba." Na ndani ya nyumba akaniambia kwamba surua ilimchukua Nabintu siku nne tu, na kwamba alikuwa amekwisha kuzikwa kabla barua ile haijaandikwa. Siku tisa kabla.

Niliihesabu baadaye, siku kwa siku. Siku mliyomzika mimi nilikuwa jikoni kwa watu, namfundisha mtoto wa Madame kuvunja yai.

Nilitoka nje na barua yako mkononi. Ulimwona huyo mtu aliyetoka, koti lake la Ulaya bado liko mwilini. Baba mukubwa alikuwa amekaa pale, ndiye aliyeamua nifichwe, lakini yeye ni mkubwa wangu, sikuthubutu kumgusa. Mama yako alikuwa amelia vya kutosha. Nikatafuta aliye mdogo kuliko wote, nikakuona wewe karibu na jiko.

"Weye njo uliandika hii?"

"Ndiyo, papa."

"Mutoto amekufa, na weye unaandika asema ananisalimia?"

Ukainamia jiko.

"Kuanzia leo usiandikake tena kitu mu jina ya hii nyumba. Mukono yako ni ya uongo."

"Ndiyo, papa."

Afadhali ningekupiga. Kofi linapona. Na sikuishia hapo. Mpaka Noeli sikukuita kwa jina lako, ulikuwa unaniletea maji ya kunawa na mimi natazama ukuta. Halafu maisha yakarudi, tukaanza kucheka tena, ukafaulu, ukaenda kwa masista, na mimi nikadhani mambo yamekwisha kwa sababu hakuna aliyeyataja.

Juzi mama yako alikuwa anakunja nguo zako. Bila kunitazama akaniambia kitu ambacho sikuwa nakijua. Akasema siku ile ya barua uliweka kalamu chini mara mbili. Baba mukubwa alikuambia, "Mutu iko mu safari, hapana kumutumia kifo. Atalia na nani kule? Andika siye bote tuko bazima." Ukaandika. Alipofika kwenye salamu za Nabintu ukakataa, ukalia, ukasema, "Basi niandike tu asema Nabintu amelala." Wakakataa. Baba mukubwa akasema mtoto habishani na wakubwa, akasubiri mpaka umeandika, akakuomba umsomee tena.

Tangu juzi sijala vizuri. Mama yako anadhani ni kwa ajili ya safari yako.

Mtoto wa miaka kumi na miwili, katika watu wazima wote waliokuwa chumbani, wewe peke yako ulitaka kuniambia. Na wewe ndiye niliyekuadhibu. Uongo wao ulikuwa wa huruma, na wako ulikuwa wa kulazimishwa. Wa kwangu, zile habari za marafiki na kahawa, hakuna aliyenishika mkono kuuandika. Nikarudi na mkono huo huo nikakunyooshea kidole wewe. Nimekukosea, Nsimire. Nimekukosea vibaya, na nimekaa miaka sita bila kusema, kwa sababu baba haombi mwanawe msamaha, ndivyo nilivyofundishwa, na ilinifaa sana kuamini hivyo. Naomba unisamehe.

Sitaki umchukie baba mukubwa wako. Alifanya kama walivyomfanyia yeye alipokuwa kwenye machimbo kule Mwenga, baba yetu alipokufa. Hivyo ndivyo tunavyofanya, tunamwachia msafiri usingizi wake. Na ni kweli nisingeweza kurudi, wala hapakuwa na mtu wa kulia naye. Ningelia peke yangu chini ya lile paa. Lakini ningelia siku zake, siku ambazo na ninyi mlikuwa mnalia. Mimi nilianza kulia ninyi mmekwisha kumaliza, watu wamekwisha kurudi makwao, mama yako ameanza tena kuimba akitwanga. Nikawachukia kwa kumaliza kabla yangu. Hiyo ndiyo hasira uliyoibeba wewe.

Kwa hiyo jana nilikwenda kwa baba mukubwa. Nilimwambia kwamba miaka hii mitatu, mtu akiugua hapa, utaandikiwa kwamba anaugua. Akifa, utaandikiwa kwamba amekufa, nani, siku gani, na tumemzika wapi. Hata kama ni mimi. Alinikasirikia sana, akasema Ulaya iliniharibu kichwa, nikamwachia chupa yake ya bia nikaondoka. Mama yako amekubali. Alisema, "Sawa. Lakini weye njo utaandika, miye siwezi kusema ile maneno."

Na lile neno nililokuambia mbele ya watu nalirudisha. Kesho asubuhi, watu watakapokuja kukuaga, nitalisema kwa mdomo mbele yao, na baba mukubwa akiwapo, maana lilitoka mbele ya watu na mbele ya watu ndipo litakaporudi. Mkono wako haukuwa wa uongo. Ulikuwa mkono wangu hapa nyumbani nilipokuwa mbali, nami niliukata.

Uniandikie, mwanangu. Sitaki barua nzuri. Nzuri naweza kuzitunga mwenyewe, nina ujuzi. Ukilia, andika umelia. Masista wakikutukana, au wenzako wakihamisha viti wasikae karibu nawe, andika. Ukimpenda mtu, hilo andika polepole, kwa sababu mama yako atanilazimisha nimsomee mara tatu. Na ukifurahi kweli, mpaka ukatusahau wiki mbili, andika pia. Nitakuamini, kwa kuwa utakuwa umeniambia na yale mengine.

Wewe umelazimishwa uongo mara moja, mimi nimeutunga miezi sita, basi ni haki nianze mimi. Ukweli wangu wa kwanza ni huu: sitaki uende. Tangu sista mkuu alete habari nimecheka, nimepongezwa, nimewanunulia watu bia, na kila nikiona lile sanduku mlangoni natamani kulirudisha chini ya kitanda. Nimekwisha kumpoteza mtoto mmoja kwa ajili ya safari, na safari ile ilikuwa yangu. Hivyo ndivyo ninavyojisikia, na sikuambii ili ubaki. Nenda. Ukibaki kwa ajili ya hofu yangu sitakusamehe, wala wewe hutajisamehe.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute kule, nisiuone uso wako ukiisoma. Nimeona huo nao ni ujanja wangu wa zamani. Nawasikia mnateremka njia, mama yako anagombana na mtu kuhusu tope. Nitakupa mkononi mimi mwenyewe, mara tu utakapovua viatu, na nitakaa kwenye kiti mbele yako mpaka umalize ukurasa wa mwisho. Ukitaka kunijibu kwa mdomo, nitasikiliza na sitakukatiza. Ukiona mdomo ni mzito, nimekuachia karatasi moja safi mezani, na kalamu yangu iko juu yake.

Papa yako